Inchi Kumi na Nne Zinanitosha

Ndanda ina hospitali inayojulikana kusini kote. Ina chemchemi ambayo maji yake yanauzwa kwenye chupa, ina abasia ya Wabenediktini waliofika mwaka 1906, na ina sekondari iliyomsomesha Benjamin Mkapa. Hayo yote yameandikwa. Kisichoandikwa popote ni kwamba Ndanda ina wataalamu wa ringi wengi kuliko mikorosho. Mimi nawajua wote, kwa sababu nina gari la zamani la milango miwili, na kwa muda mrefu gari hilo lilikaa juu ya matofali, halina ringi hata moja ya kuaminika.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Kwa asiyelijua: boneti ndefu, paa linalotelemka mpaka mkiani, viti viwili, na hakuna pa kumweka mtu wa tatu hata akiwa mtoto wa chekechea. Lilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969, injini lita 2.4, silinda sita kwenye mstari mmoja. Kwao liliitwa Fairlady Z. Marekani mwaka 1970 lilikuwa likiuzwa dola 3,526, bei iliyowakosesha usingizi Waingereza waliozoea kuwa wao ndio mafundi wa magari ya spoti. Hapa Ndanda linaitwa "kale kagari ka Mwalimu". Nashukuru, maana lingeweza kuitwa vibaya zaidi.

Nimelipata kwa mjomba. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa zamani, mtoto alihesabiwa upande wa mama, na mpwa alikuwa na haki kwa mjomba wake kuliko hata mtoto wa kumzaa. Siku hizi desturi hiyo imelegea, hasa panapokuwa na shamba. Ilipofika zamu ya kugawa mikorosho ya marehemu, binamu zangu walizikumbuka sheria zote za serikali na za dini. Ilipofika zamu ya gari bovu lililoliwa na kutu, ghafla kila mtu akawa mlinzi wa mila. "Hiyo ni haki ya mpwa," walisema kwa sauti moja, na mmoja wao akanisaidia kulisukuma kabla sijabadili mawazo.

Mjomba alilinunua Dar es Salaam kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama nchi baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Alilitaka kwa sababu ya redio. Pasaka ya mwaka huohuo redio ilitangaza kuwa Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller wameshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na 240Z, na nyuma yao limeingia jingine la aina hiyohiyo, la Shekhar Mehta. Mjomba akaapa. Alilivusha Rufiji kwa kivuko, miaka mingi kabla ya daraja la mwaka 2003 linaloitwa kwa jina la huyohuyo Mkapa wetu wa Lupaso, akalifikisha Ndanda likiwa na matope mpaka kwenye vioo. Baadaye ikaja shida ya mafuta, magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Mjomba alikuwa mtumishi wa serikali, na Jumapili mchana ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kujionyesha. Akaliingiza bandani, akalifunika turubai, akanunua baiskeli.

Banda hilo ndimo salfa ilimokuwa ikihifadhiwa. Mwenye mikorosho anaijua salfa: ndiyo inayomkinga na ubwiri unga, bila hiyo ua linakauka na msimu unakwenda. Lakini salfa ikikaa na umande juu ya chuma, mwaka hadi mwaka, chuma hakina cha kujitetea. Bodi ilipona kwa sababu ya turubai. Ringi zilikuwa chini, zimegusana na magunia. Nilipozigonga kwa nyundo, moja ilitoa vumbi badala ya mlio.

Basi, nikahitaji ringi nne, na moja ya akiba. Niliposema hivyo hadharani ndipo wataalamu walipoanza kujitokeza.

Wa kwanza alikuwa fundi wa hapa kwetu, kijana mchapakazi, mwanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo Mwalimu. Ringi za kwako ninazo, wala usihangaike." Akaleta za Toyota IST. Ringi za IST zimejaa nchini kuliko mabibo mwezi wa kumi na moja, na mafundi wetu wanaamini kwamba Mungu aliumba magari yote yafuate IST. Akaipachika ya kwanza. Nati zote nne zikakataa kuingia sawasawa. "Tutalazimisha," akasema. Katika gereji hakuna neno lililowagharimu Watanzania zaidi ya hilo.

Nilifundisha hisabati kwa maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nilimwomba chaki. Matundu manne ya IST yamekaa kwenye duara la milimita 100. Ya Datsun yamekaa kwenye duara la milimita 114.3. "Tutatoboa mengine pembeni," akasema. Nikamwonyesha ukutani: kila tundu lingetakiwa kusogea nje milimita saba na kidogo, ambayo ni kama nusu ya upana wa tundu lenyewe. Maana yake tundu jipya lingeingiliana na la zamani, ukapata umbo la yai, na nati haikazi yai. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema, "Mwalimu, ndiyo maana nilifeli." Halafu akapendekeza spesa, kile kipande kinachowekwa nyuma ya ringi ili isogee nje.

Hapo pia palikuwa na somo. Magari ya siku hizi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana ringi ambazo uso wake wa kufungia nati umesogezwa sana kuelekea nje, kwa hiyo sehemu kubwa ya ringi inakaa ndani, chini ya bodi. Datsun ile ya zamani inasukumwa kwa nyuma, na ringi zake zimesawazishwa karibu na katikati. Ukiifunga ya IST, hata kama nati zingekubali, tairi lingesugua shokapu kwa ndani, na kwa nje gari lingeonekana limenyonywa mashavu. Gari la spoti la miaka ile linataka gurudumu lisimame karibu na ukingo wa madigadi, na ukilitazama kwa mbele ulione kina chake. Hicho kina ndicho kinachobeba nusu ya uzuri wote, na spesa hailetei ringi kina, inaisogeza tu.

Mtaalamu wa pili alikuwa shemeji yangu, kaka yake mama watoto. Shemeji ni mtu wa msimu. Mnada wa korosho ukienda vizuri, kuanzia mwezi wa kumi mpaka Krismasi yeye ni tajiri, na utajiri wake una kelele. Alinijia na ringi moja kama sampuli, inchi 18, kromu tupu, inang'aa kiasi kwamba kuku wa jirani alijiona ndani yake akaanza ugomvi. "Shemeji," akasema, "gari la heshima linataka ringi ya heshima. Hizo inchi kumi na nne zako ni za bajaji."

Nikamrudisha kwenye ukuta uleule. Gurudumu zima la 240Z, ringi na tairi kwa pamoja, lina kimo cha sentimita 63 hivi. Kimo hicho hakitakiwi kubadilika. Ukikibadili, spidomita inaanza kusema uongo na tairi linaanza kugusa madigadi kila ukikata kona. Sasa, ringi ya inchi 14 ni sentimita 35 na nusu. Inabaki nafasi ya mpira karibu sentimita 14 juu na 14 chini. Ringi ya inchi 18 ni karibu sentimita 46. Ubavu wa tairi unabaki sentimita nane na nusu. "Kwa hiyo kila inchi ya hadhi unayoniongezea, shemeji, unaichukua kwenye mpira unaonikinga na mashimo."

"Mashimo utayakwepa," akasema shemeji.

Mtu anayesema hivyo hajapanda Newala kwa njia za mchanga. Lami tunayo, hii ya kutoka Mingoyo kupita Ndanda mpaka Masasi, na juu yake tumewekewa matuta kwenye kila shule, kila soko na kila mahali ambapo diwani aliwahi kutoa hotuba. Ukiiacha ukapanda uwanda wa Makonde, unakutana na mchanga ambao unatakiwa upunguze upepo kwenye tairi ili likanyage kwa upana. Tairi lenye ubavu mnene linakubali kupunguzwa upepo. Lenye ubavu mwembamba ukilipunguza, ringi inakaa chini moja kwa moja, na kromu yako inaanza kulima.

Lakini hata tukiziacha barabara, macho nayo yana haki yake. Waliochora gari lile walilichora likiwa na mpira mwingi na chuma kidogo. Boneti ile ndefu inapendeza kwa sababu magurudumu hayaigombanii. Yamekaa chini, yanafanya kazi, yanaiacha boneti iseme. Ukiweka sahani nne kubwa za kromu, jicho halioni gari tena, linaona sahani. Ni kama kuvaa kanzu ya Idi na njumu za mshambuliaji wa Ndanda FC: kila kimoja ni kizuri kwa nafasi yake, ila msikitini watu wataangalia miguu tu.

Shemeji hakukubali. Shemeji hakubaligi. Akaiacha ringi yake uani "ili uizoee".

Mtaalamu wa tatu alinishauri kwa simu, naye ni mwanangu aliyeko Dar es Salaam. Yeye ana intaneti, na mwenye intaneti hana hofu. Akanitumia picha za ringi za spoku, zile nyembamba zinazofumwa kama za baiskeli, na nati moja kubwa katikati yenye mabawa. "Baba, gari la zamani lazima liwe na spoku. Ndiyo klasiki hiyo."

Mwanangu amesoma, lakini amechanganya vizazi. Ringi za spoku ni haki ya magari kama Jaguar E-Type ya mwaka 1961: spoku 72 kwa kila gurudumu, 288 kwa manne. Zilikuwa na sababu zake. Zilikuwa nyepesi, zilipitisha hewa kwenye breki, na ile nati ya katikati ilifunguka kwa kugongwa nyundo mara chache, jambo la maana kwenye mashindano. Lakini zilitoka kwenye ukoo wa magari ya kabla ya vita, na E-Type ilikuwa kati ya watoto wa mwisho wa ukoo huo. Zinataka tyubu ndani, maana kila tundu la spoku ni mlango wa upepo. Zinataka kukazwa kila zikilegea, na barabara mbovu inazilegeza bila kuchoka. Mafundi baiskeli wa hapa Ndanda waliposikia habari hiyo walifurahi sana, na furaha yao ndiyo ilinitisha. Na juu ya yote, Datsun ya 240Z ni gari la kizazi kilichofuata. Ukiliwekea spoku unalizeesha kwa miaka ambayo halikuishi.

Mtaalamu wa nne ni kijana wa bodaboda, na shauri lake lilikuwa fupi: tupake ringi zozote rangi ya dhahabu na tuzungushie taa za buluu. Huyo nilimpa soda akaenda zake.

Kelele zote hizi zina chanzo kimoja. Watu wanadhani ringi inachaguliwa kwa kumtazama mwenye gari: ana pesa kiasi gani, anataka aonekane nani. Mimi nasema ringi inachaguliwa kwa kulitazama gari: limezaliwa mwaka gani, lilitengenezwa kwa kazi gani, mistari yake inaelekea wapi. Tazama zile zilizopata sifa duniani. Porsche walipotoa 911S mwaka 1966, kampuni ya Fuchs ya Ujerumani iliwafulia ringi za aluminiamu zenye majani matano, na mpaka leo ukimwondolea 911 ya miaka ile majani hayo, wenyewe wanahisi umemwibia. Uingereza katika miaka hiyohiyo ya 1960 kulikuwa na Minilite, ringi ya magnesiamu yenye mikono minane, ikivaliwa na Mini Cooper na baadaye Ford Escort za mashindano. Japani nao wakawa na Watanabe, mikono minane pia, na hiyo ndiyo ikaja kuwa ndugu wa karibu wa Datsun na wenzake.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigiwa picha harusini. Magnesiamu na aluminiamu zilitumika ili gurudumu liwe jepesi, maana gurudumu zito likiruka kwenye shimo linachelewa kurudi chini. Nafasi kati ya mikono iliachwa ili upepo uzipoze breki. Mikono ilinenepeshwa pale inaposhika ukingo ili isipasuke. Uzuri ulikuja wenyewe baada ya kazi kukamilika.

Na asije mtu akaniambia kwamba basi nirudishe ringi za kiwandani, kwa kuwa ndizo "orijino". Za kiwandani zilikuwa za chuma, nyembamba, zimefunikwa vifuniko vya kuficha aibu. Ndivyo gari lilivyouzwa rahisi: walipunguza pale ambapo mnunuzi angeweza kujiongezea baadaye. Wanunuzi wengi walizitoa mapema. Asili ya gari haipo katika kila kitu ambacho mhasibu wa kiwanda alikubali kukilipia.

Ukitaka kuona asili ya 240Z, tazama picha za Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambako mwaka mmoja nyuma Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, alishinda na gari hilohilo akiwa na Lofty Drews. Alilingana adhabu na Harry Källström, naye akiwa na Datsun ya aina nyingine, ikabidi kuangaliwa nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Maelfu ya kilomita za vumbi na tope, halafu sare! Sasa itazame picha: gari jekundu, boneti nyeusi, limenyanyuka kidogo, magurudumu madogo, tairi lenye ubavu mnene, na nafasi ya kutosha chini ya madigadi ya kupitisha tope. Hakuna mtu aliyeliona gari lile likipita akasema linahitaji inchi nne zaidi.

Shauri la maana kuliko yote lilitoka kwa mama watoto, na hakuwa amekusudia kunishauri. Alikuwa anachambua ming'oko uani, akanikuta nimeshika picha ya Watanabe mkono huu na ya Minilite mkono huu. Akauliza, "Kwani hilo gari litakuwa linakwenda wapi?"

Nikasema, "Masasi. Newala. Jumapili kanisani."

"Basi chagua la kwenda Masasi na Newala," akasema. "Kanisani unaweza kwenda kwa miguu."

Nikaenda Dar es Salaam, Gerezani. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na seti ya mikono minane, inchi 14, nati nne, duara la 114.3, zilizokuja ndani ya kontena la spea kuukuu kutoka Japani. Hakujua ni za nini, ila alipoona macho yangu akajua bei. Niliziwekea sumaku, sumaku haikushika, maana yake ni aluminiamu na si chuma kilichopakwa. Nikaziinua moja moja nikazigonga kwa ufunguo: isiyo na ufa inalia kama kengele, yenye ufa inakohoa. Zote zililia. Bei yake ilikuwa kama milioni mbili, nami nikatenda kosa la mume yeyote wa Masasi, nikaigeuza kuwa korosho kwa bei ile ya shilingi 3,300 ambayo serikali ilitangaza mwaka 2018. Ikatoka zaidi ya kilo mia sita. Nilimwambia mama watoto nusu yake, naye akanitazama kwa namna ya mtu anayejua kuzidisha kwa mbili.

Safari ya kurudi nayo ilikuwa na wataalamu wake. Kondakta wa basi alizipakia kwenye buti huku akinishauri niziuze nikifika, ninunue za inchi 17. Abiria mmoja wa Lindi alisema za mikono mitano ndizo zinazovuma. Mwanamke aliyekaa dirishani aliuliza kama zinafaa kutengenezea jiko.

Nilipofika, shemeji alikuwa ananisubiri na hoja yake ileile. Tukaamua kumaliza ubishi kwa mizani. Tuliichukua ile sampuli yake pamoja na ringi zangu mpaka ghala la chama cha msingi, penye mzani wa kupimia korosho. Karani wa mizani ni mtu wa utaratibu. Aliuliza kwanza kama ni daraja la kwanza au la pili, na kama zimekauka vizuri. Ringi ya shemeji peke yake, bila tairi, ilikuwa na uzito wa karibu ringi zangu mbili. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walishangilia kama mnada umepanda. Shemeji alidai mzani una hitilafu. Foleni nzima ikacheka, kwa sababu hakuna mtu wa Masasi ambaye hajawahi kusema hivyo mbele ya mzani.

Rangi nayo ilileta mjadala. Nilizipaka kijivu iliyopoa, isiyong'aa, ile inayokubaliana na vumbi. Ringi ya kung'aa kwenye barabara ya vumbi ni kazi ya kudumu ya kusugua, na mimi nimestaafu. Ukingo wa nje niliuacha wazi, aluminiamu tupu, ili jicho lipate mstari wa kushika. Nikavalisha matairi ya 195/70, ambayo kimo chake kinafika sentimita 63 kasoro kidogo sana, spidomita isipate kisingizio. Fundi wangu wa IST ndiye aliyefunga nati, na kila nati iliingia kwa vidole mpaka mwisho kabla ya spana kuguswa. Alisimama akalitazama gari kimya. "Mwalimu," akasema, "hii haikulazimishwa."

Nililiendesha polepole kupita sokoni. Sitasema uongo: nilitarajia angalau mtu mmoja aone. Mzee mmoja aliyejifunza ufundi wa chuma kwenye karakana za misheni alinisimamisha, akainama, akaingiza vidole kati ya mikono ya ringi, akasema, "Hapa breki itapumua." Huyo mmoja nilimpeleka mpaka kwake na nikakataa nauli. Wengine wote waliobaki walikuwa na swali moja, wakiniuliza kwa huruma ya kweli: "Mwalimu, za kwenda nazo kwa sasa ni hizi? Mpya utaweka lini?"

Shemeji ndiye hakutulia. Msimu umekwenda vizuri, anasema yuko tayari kunichangia seti nzima ya inchi 18, nimrudishie taratibu. Nimemjibu kwa heshima inayostahili kaka wa mke. Barabara ya Mtwara kupitia Newala mpaka Masasi ina kilomita 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichotangulia kupata lami, na iliyobaki tumeisubiri kipande kwa kipande. Mwenye uwezo na hamu ya kuongeza inchi aanze na za lami, kutoka Masasi kupanda Newala, azilaze vizuri mpaka kileleni na asiweke tuta hata moja. Akimaliza aje tuzungumze habari za ringi.